Madini Mema na Madini Mabaya Katika Chokoleti

Kwetu mashariki mwa Kongo, pande za Beni na Mambasa, jamaa nyingi hupata riziki yao katika kilimo cha kakao. Huichuma, huichachusha, huianika, kisha huiuza. Lakini ni wachache wajuao kwamba mbegu zile, zikiisha kugeuzwa chokoleti huko ng'ambo, hupimwa ili yajulikane madini yaliyomo ndani yake. Twataka leo kueleza habari za upimaji huo, kwa maana unawahusu wenye mashamba, tena unawahusu watoto walao.

Kakao ina madini yaletayo afya. Gramu 100 za chokoleti nyeusi, yenye kakao sehemu 70 mpaka 85 katika mia, zina miligramu 228 hivi za magnesiamu, ifaayo kwa misuli, na miligramu 12 hivi za chuma, kifaacho kwa damu. Lakini pamoja na hayo hukutwa madini mazito mawili, kadimiamu na risasi, ambayo mwili hauna haja nayo hata kidogo. Kadimiamu hujikusanya katika mafigo na kukaa humo miaka mingi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama.

Je, hupimwaje? Mpimaji huchukua kipande kidogo cha chokoleti, hukiyeyusha katika asidi kali ndani ya chombo kilichofungwa na kutiwa joto, mpaka yabaki maji maangavu. Maji hayo hupulizwa kama ukungu ndani ya gesi ya argoni yenye joto la digrii maelfu. Humo kila kitu huvunjika kuwa atomu, na mashine huzipanga atomu hizo kwa uzito wake na kuzihesabu. Hivyo hata chembe ya risasi isiyoonekana kwa jicho haiwezi kujificha.

Mwezi wa Desemba 2022, gazeti la Marekani liitwalo Consumer Reports lilitangaza kwamba lilipima chokoleti nyeusi za namna 28. Zote zilikuwa na kadimiamu na risasi. Katika 23 miongoni mwake, mtu mzima akila gramu 28 tu kila siku angepita kipimo kilichowekwa, ama cha kadimiamu, ama cha risasi, ama cha yote mawili. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo, tangu mwaka 2019, zimekataza chokoleti yenye nusu ya kakao au zaidi kupita miligramu 0.8 za kadimiamu katika kilo moja.

Madini hayo hutoka wapi? Kadimiamu hutoka udongoni, nayo hupanda kwa mizizi mpaka ndani ya mbegu. Risasi ina njia nyingine. Mwaka 2005 wataalamu waliopima mbegu za kakao za Nigeria waliona risasi kidogo sana ndani yake, hali chokoleti na unga wa kakao wa viwandani ulikuwa nayo mara nyingi zaidi. Basi sehemu kubwa ya risasi huingia baada ya mavuno: katika vumbi, katika udongo, njiani na viwandani. Petroli yenye risasi iliuzwa duniani mpaka mwaka 2021, na masalio yake yangali katika udongo wa kando ya barabara.

Kwa hiyo twawashauri wakulima: msianike kakao juu ya udongo mtupu wala kando ya barabara. Itandazeni juu ya vichanja au mikeka safi, mbali na moshi wa magari. Nanyi wazazi, hakuna haja ya kuiogopa chokoleti. Wapeni watoto kidogo, tena si kila siku. Udongo wa shamba ni vigumu kuubadili, lakini mahali pa kuanikia twaweza kupachagua sisi wenyewe.