Mwache mtoto afungue ukurasa mwenyewe

Je, msomaji mpenzi, umewahi kumtuma mwanao wa miaka mitano peke yake? Si mbali, bali nyumba ya pili tu, apeleke bakuli la mchuzi kwa jirani na kurudi na jawabu?

Ukiuliza swali hilo Kipini, pale Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi, huenda ukachekwa. Katika mji huo mdogo wa wavuvi na wakulima, mtoto kutumwa dukani si habari. Huenda na pesa zake kiganjani, akaamkia kila mtu mzima anayekutana naye njiani, akarudi na chumvi. Jioni yeye na wenzake huokota karara la mnazi wakaliita jahazi, vifuu vikawa sufuria na mchanga ukawa wali. Hakuna mwalimu aliyewafundisha mchezo huo.

Ukiuliza swali lilo hilo katika mitaa ya Nairobi au Mombasa, jibu ni jingine. Magari, malango yenye mabawabu na nyumba za ghorofa vimemfanya mtoto wa mjini awe mtu wa kushikwa mkono tangu mlangoni hadi kwenye basi la shule. Wazazi hawalaumiki, kwani hatari zipo. Hata Kipini mzazi hamwachilii mtoto achezee ukingoni mwa mto wenye mamba na viboko. Lakini mtoto asiyeachiwa kuamua hata jambo dogo hukua akingoja kuamuliwa.

Hapa ndipo kitabu cha picha kinapofaa. Mtoto asiyeweza kuvuka barabara anaweza kusafiri na aliyeweza.

Handa na kikapu chake

Mwaka 1994 mwandishi na mchoraji Mwingereza, Eileen Browne, alichapisha kitabu kiitwacho Handa's Surprise. Ni hadithi ya msichana wa Kijaluo anayemchukulia rafiki yake Akeyo matunda saba, kikapu kichwani. Njiani anawaza ni tunda lipi litakalompendeza Akeyo zaidi. Huku nyuma tumbili anachukua ndizi, mbuni anachukua pera, tembo anachukua embe, na wanyama wengine vivyo hivyo. Handa hajui lolote.

Maneno ya kitabu hayasemi kwamba matunda yanaibwa. Picha ndizo zinazosema. Kwa hiyo mtoto asiyejua hata herufi moja huona kabla ya mzazi anayesoma maneno, naye hupiga kelele, "Mama, tumbili!" Kwa dakika chache yeye ndiye mjuzi na mkubwa ndiye anayeambiwa. Huo ni uhuru ambao watoto wengi hawaupati mahali pengine.

Vitabu vingine mashuhuri hufanya kazi hiyo kwa njia zao. Katika Harold and the Purple Crayon cha Crockett Johnson, kilichotoka Marekani mwaka 1955, mtoto hujichorea njia ya kupita. Anapotumbukia katika bahari aliyoichora mwenyewe, hachelewi kujichorea chombo. Je, huyo ana tofauti gani na mtoto wa Kipini mwenye jahazi la karara?

Mkate wa Saada

Lakini pana jambo la kusikitisha. Mtoto wa mjini ana vitabu ila hana pa kutembea. Mtoto wa Kipini ana pa kutembea, ila vitabu vya hadithi ni haba. Tena mafuriko ya 2023 na 2024 yalipowahamisha watu wengi katika delta ya Tana, nani angekumbuka kubeba kitabu kabla ya kubeba mtoto na godoro?

Na kumbe hadithi zipo hapo hapo. Kipini ni nchi ya Fumo Liyongo, na wenyeji husema kaburi lake liko huko. Kumbuka kisa cha kifungo chake. Mama yake alificha tupa ndani ya mkate wa wishwa, akampa kijakazi Saada ampelekee. Walinzi walioona mkate mbaya waliupitisha, na Liyongo akapata chombo cha kukatia minyororo.

Hebu fikiria kisa hicho kikichorwa. Picha inaonyesha tupa ndani ya mkate, walinzi wanacheka, Saada anapita. Mtoto anayetazama anajua siri ambayo walinzi hawaijui. Ni kikapu cha Handa kilichogeuzwa!

Kufikisha vitabu kunawezekana. Huko Garissa, juu ya mto huo huo wa Tana, huduma ya maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Nao mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, hutoa bure kwenye intaneti hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na mwalimu yeyote anaweza kuzichapisha.

Ufanye nini nyumbani?

Kwanza, mwache mtoto achague kitabu na afungue kurasa mwenyewe, hata akianzia mwisho. Pili, usimgeuzie hadithi kuwa mtihani wa herufi. Muulize, "Unadhani sasa kutatokea nini?" kisha nyamaza umsikilize. Tatu, kama hakuna kitabu, kitengenezeni. Kunja karatasi nne katikati, zishone kwa uzi, na utakuwa na kurasa kumi na sita. Mtoto achore, wewe uandike maneno yake kama anavyoyasema, bila kuyasahihisha.

Nne, ukifunga kitabu, mpe mtoto kazi ndogo ya kutumwa. Apeleke bakuli kwa jirani, nawe usimame mlangoni umtazame.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Atakaporudi na bakuli tupu, usiharakishe kuuliza kama amemwaga. Muulize kwanza aliona nini njiani.