Kususia Sheli: Nani Huumia, na Matusi Huharibu Nini

Tarehe 20 Aprili 2018 kurasa za Facebook nchini Moroko zilianza kusambaza wito mmoja: usinunue maji ya Sidi Ali, usinunue maziwa ya Centrale Danone, usitie mafuta kwenye vituo vya Afriquia. Nyuma ya wito huo hakikuonekana chama wala msemaji, wala mtu ambaye serikali ingeweza kumwita mezani. Kampuni hizo tatu zililengwa kwa sababu ya bei zake na ukubwa wake sokoni. Afriquia ilikuwa na la ziada, kwani mmiliki wake, bilionea Aziz Akhannouch, wakati huo alikuwa Waziri wa Kilimo.

Hasira ya mafuta haikuzuka siku hiyo. Agosti 2015, Samir, kiwanda pekee cha kusafisha mafuta nchini humo, kilisimamisha kazi. Desemba mwaka huohuo serikali ikaacha kupanga bei ya petroli na dizeli, ikaliachia soko. Baraza la Ushindani, ambalo ndilo lenye wajibu wa kuchunguza kama wauzaji wanapatana bei kichinichini, lilikuwa limelala. Rais wake mpya aliteuliwa Novemba 2018, susio likiwa limeshapita kilele chake. Ni sawa na kufungua milango ya ghala usiku ambao mlinzi hayupo.

Matokeo yake yanahitaji kutazamwa kwa utulivu, maana bidhaa hizo hazikuumia sawasawa. Centrale Danone ilipoteza takriban asilimia 40 ya mauzo katika robo ya pili ya mwaka, na Emmanuel Faber, aliyekuwa mkuu wa Danone, akalazimika kutoka Ufaransa kwenda Moroko mwenyewe, na baadaye bei ya maziwa ikashuka. Kwa upande wa mafuta, hakuna pigo la namna hiyo lililoonekana wazi.

Tofauti iko katika bidhaa yenyewe. Maziwa hununuliwa kila siku, dukani yamepangwa kando ya maziwa ya washindani, na yasiponunuliwa yanaharibika. Waliosusia walilijua hilo vizuri. Mojawapo ya kaulimbiu zao ilikuwa kwamba yaachwe yagande. Mafuta hayagandi. Lita ambayo haikuuzwa leo hukaa kwenye tangi la chini ya ardhi ikimsubiri mteja wa kesho, na dereva aliyepita bila kusimama bado ana gari linalokunywa kiasi kilekile.

Wamarekani waliliona hili mapema. Mwaka 1999 barua pepe za kusambazwa ziliwataka watu wasinunue petroli tarehe 30 Aprili. Wapo waliotii, lakini waliojizuia siku hiyo walijaza matangi siku ya kabla au siku iliyofuata, na jumla ya petroli iliyotumika haikupungua. Kususia mafuta kwa siku moja ni kuahirisha kununua, basi. Walau Wamoroko walitaja kampuni moja ya mafuta na kumwachia dereva pengine pa kujaza, na hawakuweka siku ya mwisho.

Hata hivyo, jambo lililokuza susio la Moroko kuliko hesabu yoyote ni ulimi wa wakubwa. Siku chache baada ya wito kuanza, Waziri wa Fedha, Mohamed Boussaid, aliwaita waliosusia, akiwa bungeni, watu waliopumbaa. Mkurugenzi mmoja wa kampuni ya maziwa akasema kususia ni kuisaliti nchi. Kampuni ikabidi iombe radhi. Msemaji wa serikali naye akatishia sheria dhidi ya wanaoeneza habari za uongo. Mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa analalamikia bei tu, sasa alikuwa na sababu ya pili ya kutonunua, nayo ni heshima yake. Neno la waziri likadakwa, watu wakajiita kwalo kwa fahari. Bei ingeweza kushushwa. Tusi halina punguzo.

Upande wa pili pia una la kujibu. Kampuni ya maziwa ilipopunguza ununuzi wake kwa asilimia 30, waliobaki na maziwa mikononi ni wafugaji wadogo, na vibarua kwa mamia hawakuongezewa mikataba. Hoja yao ilistahili kusikilizwa na mtu yeyote anayedai anapigania mnyonge. Mimi naamini susio lilikuwa halali; naamini pia kwamba mfugaji anayeuliza “na mimi je?” si kibaraka wa tajiri.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunaijua tabia hiyo ya kumwita anayeuliza kibaraka. Tazama kundi lolote la WhatsApp siku bei mpya zinapotangazwa. Mmoja anauliza, “Jamani, katika hiyo bei, kodi ni kiasi gani?” Jibu la kwanza: “Wewe chawa wa nani?” La pili: “Umelipwa shilingi ngapi?” Swali limezikwa hapohapo, na kwa masikitiko ndilo lilikuwa swali la maana kuliko yote kwenye mazungumzo yale.

Ni la maana kwa sababu soko letu si kama la Moroko. EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwenzake wa Kenya, EPRA, hutangaza kila tarehe 14. Tofauti ya bei kati ya sheli na sheli ya jirani ni ndogo sana. Nchini Tanzania mafuta huagizwa kwa pamoja, kwa hiyo meli moja hubeba mzigo wa kampuni nyingi. Anayekwepa nembo moja anaweza kutiliwa mafuta yaleyale chini ya nembo nyingine. Na mwaka 2023, Kenya ilipopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, hakuna sheli ambayo ingesusiwa ikairudisha chini. Mlango wa kugonga ulikuwa bungeni.

Huko Moroko, Akhannouch alishinda uchaguzi wa Septemba 2021 akawa Waziri Mkuu, na mwaka uliofuata, bei zilipopaa, jina lake likarudi mitandaoni pamoja na madai kwamba dizeli iuzwe dirham 7 na petroli dirham 8. Kilichozigusa kampuni za mafuta mfukoni kilikuja Novemba 2023: Baraza la Ushindani, likiwa limeamka, lilifikia makubaliano na kampuni tisa za mafuta, nazo zikakubali kulipa dirham bilioni 1.84 na kubadili namna zinavyofanya biashara. Madereva waliokuwa wakisema tangu 2018 kwamba soko hilo halina ushindani wa kweli walisubiri zaidi ya miaka mitano kusikia chombo cha dola kikilishughulikia lalamiko lao.