Tiba ya Kiwewe ya EMDR: Ukienda, Utarajie Nini?

Katika vikundi vyetu vingi yuko memba ambaye watu wanashindwa kumwelewa. Mlango ukibamizwa, anaruka. Mkutano ukipandisha sauti kidogo tu, anachukua leso yake na kuondoka. Mwingine alipona katika ajali ya matatu, na mpaka leo heri atembee hadi sokoni kuliko kupanda gari. Wako pia waliochomewa nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Jirani akichoma takataka za shamba, ule moshi unawarudisha usiku ule ule. Watu husema, "Huyo ana kiburi," ama, "Huyo amerogwa." Mara nyingi si kiburi wala si uchawi. Ni kiwewe, yaani jeraha la moyoni ambalo halijafunga.

Kiwewe kina tiba, tena zaidi ya moja. Hapa tungependa kueleza moja ambayo watu wanaiogopa kwa sababu wameisikia ikisimuliwa vibaya: ati unakaa mbele ya mtu, anakupungia vidole machoni, halafu unasahau kila kitu. Anayesikia hivyo ataona ni mazingaombwe na hatakwenda. Ama atakwenda akitarajia kusahau, kisha arudi amevunjika moyo.

Tiba hii inaitwa EMDR. Herufi hizo ni za Kiingereza. Kwa lugha yetu tuseme ni tiba ya kupunguza makali ya kumbukumbu kwa kusogeza macho huku na huku. Mwanzilishi wake ni Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini na mawazo mazito, akatambua kwamba macho yake yakienda upesi upesi upande huu na upande ule, yale mawazo yanalegea. Alilifanyia utafiti jambo hilo kwa watu walioumizwa na vita vya Vietnam na wengine waliobakwa, akachapisha matokeo mwaka 1989. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja EMDR katika miongozo yake ya kutibu kiwewe, kwa watu wazima na kwa watoto.

Wataalamu bado wanabishana ni kwa nini macho yasaidie. Kuna maelezo ambayo wengi wao wanayakubali: akili haina nafasi kubwa ya kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Ukishika picha mbaya huku unafuata vidole, ile picha inakosa nafasi na kufifia. Ikirudi kuhifadhiwa, inarudi bila makali yale ya kwanza.

<b>Siku ya kwanza hakuna vidole</b>

Hili tunalisema kwa mkazo. Mshauri anayekupungia vidole dakika tano baada ya kukusalimu hajui kazi yake. Siku ya kwanza, na pengine ya pili na ya tatu, ni mazungumzo. Atakuuliza unalalaje, unakunywa dawa gani, kama una kifafa, shida ya macho au mimba, kama pombe imeingia, na nani yuko nawe nyumbani. Si udaku. Anataka kujua kama mwili wako na nyumba yako vinaweza kubeba kazi hiyo kwa sasa.

Halafu atakufundisha kujituliza. Utachagua mahali unapopaona moyoni pakiwa na amani: labda chini ya mwembe wa nyanya yako, labda kando ya mto mlipokuwa mkichota maji. Mtakubaliana pia ishara ya kusimamisha, kwa mfano kuinua mkono. Ukiinua, kazi inasimama hapo hapo, bila maswali. Hulazwi usingizi wala hupumbazwi. Uko macho wakati wote, na wewe ndiye mwenye breki.

<b>Kazi yenyewe</b>

Tuchukue mfano wa akina mama wawili waliokuwa kwenye basi moja lililopinduka. Wa kwanza anaandamwa na harufu ya dizeli na giza. Wa pili hajali dizeli. Yeye anaumia kwa sababu ndiye aliyemwambia mtoto wake akae mbele. Ajali ni moja, lakini jeraha si moja. Kwa hivyo mshauri hatibu "ajali ya basi". Anatafuta na kila mmoja ile picha inayouma kuliko zote, na lile neno baya analojiambia. Wa kwanza atasema, "Nitakufa." Wa pili atasema, "Ni makosa yangu." Kisha anamwuliza kila mmoja angependa kuamini nini badala yake, kama "Sasa niko salama" au "Nilifanya nilivyoweza". Maneno hayo yatoke katika lugha ambayo mtu hulilia. Kama ni Kikamba au Kiluo, na iwe hiyo. Omba mshauri anayeifahamu.

Utaulizwa pia maumivu yako ni ngapi kwa kipimo cha 0 hadi 10, na unayasikia wapi mwilini: kifuani, kooni, tumboni. Ndipo vidole vinaingia. Unaishika ile picha, unafuata mkono wake kwa macho kwa muda wa nusu dakika hivi, halafu anasimama. "Vuta pumzi. Sasa unaona nini?" Unajibu kwa maneno machache, naye anasema, "Endelea na hilo." Mnarudia hivyo mara nyingi. Kama macho yanachoka au yana ugonjwa, hutumika sauti za kupokezana masikioni au kugonga viganja polepole, kushoto na kulia. Mama asiyetaka kuguswa na mwanamume aseme. Anaweza kujigonga mwenyewe, mikono ikipishana kifuani. Mtindo huo ulitungwa Mexico katika kuwahudumia walionusurika kimbunga Pauline cha mwaka 1997.

Huhitaji kusimulia kila kitu. Kwa mtu aliyebakwa, hili linaweza kuwa ndilo linalomfanya akubali kwenda. Mshauri anaweza kufanya kazi bila kusikia habari yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Machozi yatakuja, labda na kutetemeka, labda na kumbukumbu nyingine ya utotoni ambayo hukuitarajia. Kikao huchukua dakika 60 hadi 90, na kabla hujatoka mshauri ahakikishe umetulia, hata kama kazi haijaisha. Usiku ule unaweza kuota ndoto nzito na asubuhi ukaamka umechoka. Kwa hivyo usipange kuendesha pikipiki au kwenda kuuza sokoni mara tu baada ya kikao. Nenda na mtu. Wengi huhitaji vikao 6 hadi 12. Aliyeumizwa mara nyingi tangu utoto huhitaji zaidi, na maandalizi yake ni marefu.

Husahau. Utakumbuka nyumba iliungua, utakumbuka nani alikufa. Tofauti ni kwamba litakuwa jambo lililopita, si jambo linalotokea sasa. Wala tiba hii haikulazimishi kumsamehe mtu. Vikundi vingine huwaharakisha watu, "Samehe, tuendelee." Kwa maoni yetu huko ni kumtwisha mgonjwa mzigo wa pili.

Pia kuna yale ambayo EMDR haiwezi. Haimrudishii mtu shamba. Na kama bwana bado anampiga mkewe kila wiki, kwanza huyo mama atafutiwe usalama, kwa sababu jeraha haliponi likiwa linachomwa kila siku.

<b>Kikundi kifanye nini</b>

Tunawasihi msijaribu wenyewe na kalamu mkutanoni. Kufungua jeraha ni rahisi. Kulifunga kunahitaji aliyefunzwa. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, kwa hivyo mna haki ya kumwuliza mtu kama amesajiliwa, na juu ya hapo alijifunza wapi EMDR yenyewe. Ulizeni bei kabla ya kuanza. Wenye mafunzo hayo wengi wako mijini, basi nauli ndiyo inayowakwamisha watu wa vijijini.

Hapo ndipo kikundi kinaingia. Chama kinaweza kumpa memba zamu yake mapema. Wawili watatu wanaweza kumpalilia shamba siku ya kikao, na mmoja akamsindikiza na kumngoja nje. Akirudi, asiulizwe, "Walikwambia nini?" Apewe chai. Na katibu, katika kitabu cha mkutano, asiandike jina la ugonjwa wala kisa. Aandike tu: nauli ya matibabu, kiasi fulani, imepitishwa.