Kwa kinga mpaka kwenye divai nyekundu: koperative ya Buxy inatufundisha nini?



Wakulima wengi wa kahawa hapa Kivu hawajaonja hata siku moja kikombe cha kahawa yao wenyewe. Wanachuma, wanauza kwa kilo, na mutu wa mbali ndiye anasema kama ni nzuri ao mbaya. Juu ya ile, mara hii tunawapeleka Ufaransa, katika eneo la Bourgogne, fasi kuonja ni sehemu ya kazi ya shamba.

Reli yenye iligeuka njia ya kinga

Kati ya Givry na Cluny zamani kulipita treni. Reli iliachwa, na mwaka wa 1997 ikageuzwa njia ya kinga na ya miguu: kilometa 44 bila motokari, katikati ya mashamba na vijiji vya mizabibu. Treni haiwezi milima mikali, kwa hiyo njia haipande sana. Hata muzee anaiweza. Wageni wanatoka miji mikubwa, wanapanda kinga, na wanasimama vijijini kuonja divai.

Givry inajulikana zaidi juu ya divai nyekundu. Ukishuka kusini kidogo, unafika Buxy. Pale kuko koperative yenye ilianzishwa mwaka wa 1931, wakati wa shida kubwa ya uchumi. Memba wanaleta zabibu, koperative inatengeneza divai, inaitia ndani ya chupa na kuiuza. Mugeni wa kinga anaweza kuonja na kununua palepale.

Rangi nyekundu inatoka wapi?

Zabibu ya kule kwa divai nyekundu inaitwa Pinot Noir. Ganda lake ni jeusi, lakini ukiikamua, maji yake hayana rangi nyekundu. Rangi iko ndani ya ganda. Ndiyo maana wanaacha maganda yalale siku nyingi pamoja na maji, wakati chachu inageuza sukari kuwa pombe. Wenye kutengeneza kasiksi wanajua vizuri kazi ya chachu. Kisha divai nyingi zinalala miezi ndani ya mapipa ya mbao. Pipa ya Bourgogne inabeba lita 228. Kama zabibu zilizooza zimeingia na zile nzima, divai yote inapata harufu mbaya. Kuchagua kunaanzia shambani.

Namna wanaonja

Kwanza wanaangalia rangi. Pili wanazungusha glasi na kunusa. Tatu wanaweka kidogo mudomoni. Pinot Noir mara nyingi iko na harufu ya matunda mekundu. Divai ingine inakausha ulimi sawa vile ndizi mbichi.

Kisha wanatema ndani ya ndoo! Huku kwetu watu wangesema ni kuharibu. Lakini mwenye kumeza divai kumi hawezi tena kujua ya kumi ikoje. Tena sheria ya Ufaransa juu ya pombe barabarani, gramu 0,5 kwa lita moja ya damu, inagusa mwenye kinga sawa vile mwenye motokari.

Jina ni mali ya wote

Tangu mwaka wa 1935, sheria ya Ufaransa inalinda majina ya fasi divai inatoka. Huwezi kuandika «Givry» juu ya chupa kama zabibu zilitoka kwingine. Hata mavuno ya hektari moja yamewekewa kipimo. Mutu mumoja akidanganya, jina la wote linaharibika.

Sisi hatulime zabibu, lakini tuko na arabika. Na kahawa yenye inavuka mupaka kwa siri inapoteza jina lake: inauzwa sawa vile ya wengine. Mwenye hajui ladha ya zao lake hana neno la kujibu wakati munuzi anashusha beyi.

Tufanye nini?

1. Mutenge kahawa za aina mbili: moja ya matunda mekundu tu, ingine yenye kuchanganya mabivu na mabichi. Muzioshe na kuzikausha mbalimbali.

2. Muzikaange kidogo, kwa namna moja, muzisage. Mutie gramu 11 ndani ya kila kikombe, mumwange mililita 200 za maji ya moto, mungoje dakika 4, muvunje povu na kijiko, mulitoshe.

3. Ikipoa kidogo, munuse, muonje kwa kijiko, muteme. Muanze bila kuambiwa kikombe gani ni cha kahawa gani.

4. Muandike kwenye kaye: kahawa ilitoka mulima gani, ilichumwa siku gani, ladha ikoje.

Kwa mukutano unaokuja, kila kikundi kilete kilo moja ya kahawa iliyokauka. Vikombe na ndoo ya kutemea, mutavikuta.