Je, wajua? Dawa ya fangasi si moja

Anayeshinda kwenye majaruba ya mpunga huko Malinyi anawafahamu fangasi wa miguuni bila kufundishwa. Ngozi iliyo kati ya kidole cha nne na kidole kidogo inalowa, inageuka nyeupe, inachanika, na usiku inawasha mpaka mtu anakosa usingizi. Shuleni nako kuna mapunye: mabaka ya mviringo kichwani, yenye magamba, nywele zimekatikia pale pale. Kwenye duka la dawa muhimu mteja hana maneno mengi: “Nipe dawa ya fangasi.” Anapewa tyubu, analipa, anaondoka. Lakini dawa ya kupaka miguuni haiponyi mapunye, na haifui dafu mbele ya fangasi aliyeingia kwenye ubongo.

Ugumu wa kwanza ni undugu. Kwa macho, uyoga unafanana na mmea, ila kwa nasaba fangasi wako karibu zaidi na wanyama, sisi tukiwemo, kuliko mimea. Bakteria ni mgeni kabisa: penisilini inabomoa ukuta wake, na kwa kuwa seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, sisi tunasalimika. Seli ya fangasi imejengwa karibu sawa na yetu, hivyo sumu ya kumwua ni rahisi kutudhuru na sisi. Pa kumpatia ni padogo. Utando wa seli zetu umeimarishwa kwa kolesteroli. Wake umeimarishwa kwa ergosteroli, mafuta ya ukoo huo huo yenye umbo tofauti kidogo. Dawa nyingi za fangasi zinalenga tofauti hiyo. Klotrimazoli na flukonazoli zinazuia ergosteroli isitengenezwe. Nistatini na amfoterisini zinaing’ang’ania ile iliyokwisha kujengwa, utando ukatoboka na seli ikavuja.

Nistatini iligunduliwa mwaka 1950 na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, kutoka kwa bakteria waliopatikana kwenye udongo wa shamba huko Virginia. Amfoterisini nayo ilitokana na udongo wa kandokando ya mto Orinoco, Venezuela. Si ajabu: udongoni bakteria na fangasi wanagombania chakula tangu zamani, na silaha zao ndizo tulizoazima. Mafuriko yalipoikumba Florence, Italia, mwaka 1966, nistatini ilitumika hata kuzuia ukungu usiendelee kula picha za kale zilizolowa.

Ugumu wa pili ni mahali fangasi alipojificha. Wa miguuni anaishi kwenye tabaka la juu la ngozi, kwa hiyo krimu inamfikia. Ila kuwasha kukikoma, yeye bado yupo. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aendelee kupaka hata baada ya ngozi kuonekana safi, na akaushe vizuri katikati ya vidole. Jihadhari na krimu iliyochanganywa na steroidi: inatuliza mwasho haraka, huku fangasi akitambaa kwa raha zake.

Wa mapunye amezama ndani ya shina la unywele, na krimu haifiki huko. Zamani Ulaya na Marekani walifika mahali pa kuchoma vichwa vya watoto kwa eksirei ili nywele zing’oke. Griseofulvini iliokoa hali hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Dawa hii, iliyotokana na ukungu wenyewe, humezwa, hupita kwenye damu, kisha hujipachika kwenye unywele mpya unavyoota. Unywele wa zamani unabaki na fangasi mpaka ukatike, ndiyo maana tiba huchukua wiki 6 hadi 8. Mtoto aimeze pamoja na chakula chenye mafuta, tuseme wali wa nazi au maziwa, la sivyo nyingi itapita tumboni bila kufyonzwa.

Wa tatu ndiye muuaji. Kriptokokasi anaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa. Tunamvuta kwa pumzi, na mwenye kinga imara hamwoni kabisa. Kwa mwenye VVU ambaye chembe zake za kinga, CD4, zimeshuka, fangasi huyu anapanda hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Ifakara, kwenye kliniki ya magonjwa sugu ya Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, watafiti walipima damu iliyohifadhiwa ya wagonjwa wa namna hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Waliokuwa na alama za kriptokokasi kwenye damu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, na flukonazoli iliwasaidia. Alama hizo hutangulia dalili kwa wiki kadhaa, na kipimo ni kijiti kinachotoa jibu kwa dakika chache. Ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, inahitajika amfoterisini ya mshipani. Mwaka 2022, baada ya jaribio lililofanyika katika nchi 5 za Afrika, Uganda ikiwemo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, ikisindikizwa na vidonge vya wiki mbili.

Kwa fangasi wa ndani ya mwili, makundi ya dawa yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na kundi la flukonazoli lina ndugu zake shambani: propikonazoli na tebukonazoli, viuatilifu vya kupulizia mazao. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kwamba kwenye udongo wa Tanzania wamo fangasi aina ya aspajilasi, wanaoweza kushambulia mapafu, ambao tayari wamezoea dawa za kundi hilo. Kwa hiyo kupuliza bila kufuata kipimo na kuacha vidonge katikati ni kosa la aina moja: yote mawili humfundisha fangasi kuishi na dawa, nasi hatuna nyingine nyingi za kubadilishia.