Kufungwa kwa akaunti za matangazo ya mtandaoni

Kufungwa kwa akaunti ya matangazo ni hatua ambayo kampuni inayoendesha mtandao wa matangazo kwenye intaneti humzuia mwenye tovuti, blogu au chaneli ya video asiendelee kuonyesha matangazo yake wala kupokea malipo. Nchini Tanzania jambo hili huwagusa hasa wenye blogu za habari, ajira, muziki na elimu, ambao wengi wao hutegemea mtandao mmoja tu, yaani AdSense ya kampuni ya Google. Kwa mwenye blogu aliye Dodoma, Singida au Kondoa, akaunti hiyo mara nyingi ndiyo njia pekee ya kuuza nafasi ya tangazo kwa kampuni za nje bila kuwa na wakala Dar es Salaam.

Mfumo unavyofanya kazi

AdSense ilianzishwa mwaka 2003. Mwenye tovuti hupewa msimbo mfupi wa kuweka kwenye kurasa zake, kisha Google huchagua matangazo ya kuonyesha hapo. Kampuni zinazotangaza huilipa Google, nayo humpa mwenye tovuti sehemu ya fedha hizo. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilikuwa asilimia 68 kwa matangazo ya kwenye kurasa za maudhui. Novemba 2023 Google ilitangaza utaratibu mpya wa kulipa kwa kuhesabu mara tangazo linapoonekana badala ya mara linapobofywa, nao ukaanza kutumika mwaka 2024.

Malipo hayatumwi mpaka salio lifikie dola 100 za Marekani, ambazo kwa viwango vya miaka ya karibuni ni zaidi ya shilingi 200,000. Blogu ndogo inaweza kuchukua miezi mingi kufika hapo. Kwa sababu hiyo akaunti ikifungwa salio likiwa dola 80 au 90, mwenye blogu anaweza kuwa amefanya kazi muda wote huo bila kupokea hata senti moja.

Jambo ambalo waandishi wengi hawalitambui mpaka siku ya kufungiwa ni kwamba akaunti hii si mali yao. Ni ruhusa inayotolewa kwa mkataba, na upande ulioitoa una haki ya kuiondoa. Haiuzwi wala hairithishwi, mwenye nayo lazima awe ametimiza miaka 18, na kila mlipwaji anaruhusiwa akaunti moja tu. Akaunti zinazouzwa kwa siri katika makundi ya mitandao ya kijamii kwa hiyo huwa na kasoro tangu siku ya kwanza: jina la kwenye akaunti halilingani na jina la kitambulisho wala la akaunti ya benki, na mnunuzi hugundua hilo anapotakiwa kuthibitisha yeye ni nani.

Mibofyo batili

Sababu inayotajwa zaidi ni mibofyo batili, yaani mibofyo au maonyesho ya tangazo yasiyotokana na mtu mwenye nia ya kweli. Anayebofya matangazo ya blogu yake mwenyewe ameingia hapa. Vivyo hivyo anayeandika katika kundi la WhatsApp, "ndugu zangu, mkisoma msisahau kubofya tangazo", na anayenunua wasomaji wa bandia wanaotengenezwa na programu. Kampuni iliyolipia tangazo haikupata mteja yeyote kwa fedha hizo, na mtandao wa matangazo humlinda kwanza yule anayelipa.

Ugumu ni kwamba mtandao huo haumwoni mtu, unaona alama tu: anwani ya IP, aina ya simu, muda uliotumika kwenye ukurasa, mfululizo wa mibofyo. Katika mitandao ya simu, watumiaji wengi huweza kushiriki anwani moja ya IP inayoonekana kwa nje. Hali ni hiyohiyo katika mtandao wa chuo. Blogu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye maelfu ya wanafunzi, inaweza kusomwa na bweni zima kupitia anwani chache tu. Wenzake wawili au watatu wakibofya kwa utani au kwa kutaka kumsaidia, alama zinazobaki hazitofautiani sana na za mtu mmoja anayejibofyea.

Blogu za elimu na ajira zina tatizo lake. Dodoma ndiko ziliko ofisi ambazo matangazo yake husakwa na vijana wa nchi nzima: TAMISEMI, inayopanga wanafunzi wa kidato cha tano, na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Siku orodha inapotoka, au siku matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, blogu iliyokuwa na wasomaji mia hujikuta na makumi ya maelfu kwa saa chache, kisha hurudi ilipokuwa. Wasomaji hao ni wa kweli, lakini mruko wa ghafla namna hiyo ni moja ya dalili ambazo mifumo ya ukaguzi huchunguza. Mwenye blogu aliyehifadhi takwimu za wageni wake na viungo walivyopitia huwa na cha kueleza anapoulizwa, na asiyehifadhi hubaki na maneno matupu.

Kuna pia hujuma. Mshindani au mtu mwenye kinyongo anaweza kubofya matangazo ya mwenzake mara nyingi ili afungiwe. Mkataba humfanya mwenye tovuti awajibike kwa mibofyo inayotoka kwenye kurasa zake, awe ameisababisha au la. Hapa ndipo penye malalamiko mengi zaidi, na si rahisi kusema hayana msingi.

Adhabu si moja. Ya kwanza na nyepesi ni kupunguziwa idadi ya matangazo kwa muda, mara nyingi chini ya siku 30. Ya pili ni kusimamishwa, ambako kwa kawaida huchukua siku 30. Ya mwisho ni kufungiwa moja kwa moja, na aliyefungiwa kwa mibofyo batili kwa kawaida haruhusiwi kufungua akaunti nyingine.

Maudhui na lugha

Blogu nyingi za Kitanzania zilizoea kuweka kila asubuhi picha za kurasa za mbele za magazeti, kunakili habari nzima kutoka kwa wengine, au kuweka nyimbo za Bongo Fleva ili zipakuliwe bure. Desturi hizi zilileta wasomaji wengi, lakini zinagongana na sheria za hakimiliki na masharti ya matangazo kwa pamoja. Makosa ya aina hii huanzia kwenye ukurasa mmoja kuondolewa matangazo, na yakirudiwa hufikia akaunti nzima.

Lugha nayo imekuwa kikwazo. Kurasa za lugha isiyo kwenye orodha ya AdSense haziruhusiwi kuwekewa matangazo yake, na Kiswahili kilikaa nje ya orodha hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuongezwa. Kigogo, Kirangi na Kinyaturu bado hazimo.

Wanaotumia Blogger, huduma ambayo Google iliinunua mwaka 2003, wako katika hatari ya ziada. Blogu, barua pepe, chaneli ya YouTube na akaunti ya matangazo vinaweza kuwa chini ya jina moja la kuingilia. Likifungwa jina hilo lenyewe, mwandishi hupoteza mapato pamoja na makala zake na mawasiliano yake.

Barua ya uthibitisho

Kuna wanaokosa matangazo bila kosa lolote. Salio linapofika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anwani. Isipoingizwa ndani ya miezi minne, matangazo huacha kuonekana. Kwa nchi ambako barua huletwa mlangoni hili ni jambo dogo, lakini Tanzania imezoea masanduku ya posta, na kijana wa Kongwa au Manyoni mara nyingi hutumia sanduku la shule, parokia au ofisi ya mzazi. Barua inaweza kukaa ofisini wiki kadhaa kwa sababu aliyeipokea halijui jina lililoandikwa. Njia rahisi ni kuandika jina la mwenye sanduku pamoja na la mwenye akaunti, na kumwarifu mapema mtu anayefungua sanduku hilo. Namba isipofika hata baada ya kuombwa tena, mwenye akaunti huweza kuruhusiwa kuwasilisha kitambulisho badala yake.

Mfumo wa anwani za makazi na postikodi, ambao serikali iliutekeleza kwa operesheni ya nchi nzima mwaka 2022, ulizipa nyumba namba na mitaa majina. Postikodi za mkoa wa Dodoma huanza na 41 na za Singida 43.

Fedha zinazozuiwa

Akaunti ikifungwa kwa mibofyo batili, salio huzuiwa na sehemu yake hurudishwa kwa waliolipia matangazo inapowezekana. Swali la kama mwenye tovuti apoteze hata fedha za mibofyo halali lilifika mahakamani nchini Marekani. Mwaka 2014 kampuni ya Free Range Content ilifungua kesi dhidi ya Google huko California, ikieleza kwamba akaunti yake ilifungwa muda mfupi kabla ya siku ya malipo, baada ya mapato ya mwezi kupanda ghafla hadi zaidi ya dola 40,000. Kampuni hiyo ilidai kuwa ni yenyewe iliyotoa taarifa ya mruko huo. Kesi iliendeshwa kwa niaba ya wenye tovuti wengine pia, na mwaka 2018 ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 11.

Mtu aliye Dodoma hawezi kufuata njia hiyo kwa urahisi. Mkataba wa kawaida wa AdSense hutaja sheria za California na mahakama za kaunti ya Santa Clara, na nauli peke yake inazidi salio la blogu nyingi. Kinachobaki ni fomu ya rufaa ya mtandaoni. Rufaa yenye nafasi ya kukubaliwa hueleza wageni walitoka wapi, nini kilitokea tarehe fulani na hatua gani imechukuliwa. Yenye kuomba huruma tu haimpi mkaguzi kitu cha kupima.

Leseni ya Tanzania

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kuomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ada ilikuwa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Juni mwaka huo tovuti zisizosajiliwa ziliamriwa kusimama, na JamiiForums ilifunga huduma zake kwa wiki kadhaa. Kanuni zilibadilishwa baadaye, mwaka 2020 na 2022.

Leseni ya TCRA haiulazimishi mtandao wa matangazo wa nje kumpokea wala kumrudisha mtu. Ada ya mwaka hudaiwa hata kama akaunti ya matangazo imefungwa, kwa hiyo blogu inaweza kuwa halali kabisa mbele ya serikali na isiwe na senti ya kulipia uhalali huo.

Njia nyingine

Waliofungiwa huhamia mitandao midogo ya matangazo, ambayo masharti yake ni mepesi lakini baadhi hujaza kurasa kwa kamari na madirisha yanayofunguka yenyewe. Wengine huuza nafasi moja kwa moja kwa biashara za karibu, kama nyumba za wageni, vyuo, maduka ya vifaa vya ujenzi na wazalishaji wa mvinyo wa Dodoma, na kulipwa kwa simu. Mapato hutegemea kujuana na kufuatilia madeni, na biashara nyingi hupunguza kutangaza Bunge linapokuwa halina vikao na wageni wamepungua mjini.