Je, Wajua? Kruzi inaposusa kwenye njia ya Nanyamba

Je, wajua kwamba mtu aliyebuni kifaa cha kulishikilia gari kwenye mwendo mmoja, dereva akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta, alikuwa kipofu? Ralph Teetor, mhandisi wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1890 huko Hagerstown, jimbo la Indiana, alipoteza macho akiwa na miaka mitano. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake: akiongea, gari linazubaa, akinyamaza kusikiliza, linakimbia. Abiria wa daladala za Mtwara wanamjua dereva wa aina hiyo. Teetor alipata hataza mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikakiweka kifaa hicho, yaani kruzi kontroli, kwenye magari yake ya 1958.

Nusu ya kazi ya kruzi kontroli ni kushika mwendo. Nusu ya pili ni kutafuta sababu ya kuuachia. Imeundwa kwa woga, na vizuri iwe hivyo. Ndiyo maana gari linapofika gereji Nanyamba na mwenyewe akasema “kruzi imekufa”, mara nyingi haijafa. Kuna kitu kimeitisha, ikagoma. Fundi mwenye busara haanzi kufungua usukani, anaanza na taa za breki.

Swichi ndogo iliyo juu ya pedeli ya breki ina kazi mbili: kuwasha taa za nyuma, na kuiambia kruzi iachie. Ikilegea au ikichakaa, kruzi inaamini kwamba dereva anakanyaga breki muda wote. Kipimo chake hakigharimu hata shilingi. Mtume mtoto asimame nyuma ya gari, huku breki ya mkono imevutwa, aseme taa zinapowaka na zinapozimika. Kama zinawaka bila mguu kugusa kitu, inama utazame zulia chini ya pedeli. Kwenye Nissan na Honda za umri mkubwa unaweza kukuta vipande vya kipira au plastiki vilivyosagika. Hayo ni mabaki ya kizibo kinachoibonyeza swichi. Joto la miaka hukila, na siku kinapomomonyoka taa hazizimiki, betri inakwisha usiku na kruzi inasusa. Kizibo hicho ni cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha fundi. Hilux yenye gia za mkono ina swichi nyingine kama hiyo kwenye krachi; nayo ikaguliwe.

Taa zikizimika sawasawa, jaribu honi. Ndani ya usukani kuna utepe wa nyaya uliojiviringisha kama mkeka, unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona. Huo hupeleka umeme wa honi, wa vitufe vya kruzi na wa mfuko wa hewa. Honi ikinyamaza, taa ya mfuko wa hewa ikawaka na kruzi ikakataa, vyote kwa pamoja, utepe umekatika. Hapa sikubaliani kabisa na mafundi wa haraka haraka wanaofungua usukani bila kungoja: mfuko wa hewa hulipuka. Toyota inataka betri ichomolewe kwanza na fundi asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu.

Halafu kuna magurudumu. Lami ya kutoka Mtwara mjini hadi Mnivata ni kilomita 50. Kutoka hapo kwenda Masasi kupitia Tandahimba na Newala ni kilomita 160, njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi na makorongo, na msimu wa korosho malori huizidishia ubovu. Kwenye magari mengi ya sasa kruzi husoma mwendo kupitia vihisi vya ABS vilivyo kwenye magurudumu, na waya wake unapita mahali ambapo jiwe au kisiki kinaufikia. Taa ya ABS na kruzi zikiharibika siku moja, lala chini ya gari ufuate waya kwa macho. Mashine ya kupimia nayo husaidia: P0500 huelekeza kwenye kihisi cha mwendo, P0571 kwenye swichi ya breki.

Wenye Subaru, msishtuke taa ya injini ikiwaka na ile ya kruzi ikaanza kupepesa. Gari limeizima kruzi lenyewe kwa sababu ya hitilafu ya injini. Tibuni injini, kruzi itarudi.

Kruzi mpya zinazolifuata gari la mbele zina vitisho vyake. Rada mara nyingi hukaa nyuma ya nembo ya mbele. Tope zito, ngao ya chuma au nembo ya bandia huipofusha. Zenye kamera kwenye kioo cha mbele, kioo kikibadilishwa, kamera lazima ipangwe upya kwa vipimo.

Na kuna ugonjwa usio ugonjwa. Magari mengi yaliyotengenezewa soko la Japani hayakubali kruzi chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, na kwa juu hukomea kidogo tu baada ya 100, kwa kuwa hicho ndicho kilikuwa kikomo cha barabara zao kuu kwa miaka mingi. Mwenye kudai 120 hana la kutengenezewa.

Matengenezo yakiisha, usijaribie mchangani wala kwenye lami iliyolowa: gurudumu likiteleza, kruzi inaweza kuongeza mafuta pale pale ulipotaka yapungue. Wala si vijijini, ambako sheria ni 50. Tafuta lami kavu iliyonyooka, weka mwendo, kisha gusa breki kwa kidole cha mguu tu. Lazima iachie papo hapo. Ikichelewa, izime na urudi gereji.